Sogeza Kidogo

Nimechoka kulieleza hili, lakini naona nilieleze tena: MIDI si sauti. Ndani ya faili la MIDI hamna kinanda, hamna gitaa, hamna besi, hamna hata kikohozi cha mpigaji. Mna maagizo tu. Noti namba 60 ibonyezwe sasa hivi, kwa nguvu ya 92, kwenye chaneli ya kwanza. Haya, iachwe. Basi. Sauti yenyewe itatolewa na chombo chochote kitakachosomewa maagizo hayo, kiwe kinanda cha mamilioni au simu iliyopasuka kioo. Wateja wangu somo hili hawalitaki. Wakishaona vistari vya kijani vimejipanga kwenye skrini, wanachojua ni kwamba wimbo umo humo, mzima, unangoja kuchukuliwa kwenye flashi.

"Si umeshaingia?" wananiuliza. "Sasa kilichobaki nini?"

Kilichobaki ndicho kinachonizeesha.

Studio yangu iko Tabata, chumba cha uani, trei za mayai ukutani, na feni ambayo lazima izimwe tukianza kurekodi waimbaji na ambayo hakuna anayekumbuka kuiwasha tukimaliza. Vijana wa kizazi kipya wanapita, wanaacha ahadi. Wanaonilisha ni wanakwaya. Wanakuja na madaftari ya solfa, na sare, na mpiga kinanda wao, na Mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye bosi wangu kwa muda wote ambao wimbo haujaisha. Na kwa Mwalimu wimbo hauishi. Unachoka tu.

Lawama zangu nazipeleka California. Huko, Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM, ziliunganishwa kwa kebo sinthesaiza mbili za kampuni zilizokuwa zikigombea wateja walewale, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland. Ukibonyeza hii, ile inaitika. Walioisukuma kazi hiyo zaidi, Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, walikuja kupewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013, na sina ugomvi nao. Wafanyabiashara wakishindana huku wanakubaliana lugha moja, tena wasimtoze mtu kwa kuitumia, tuzo ni haki yao.

Ugomvi wangu ni na hesabu. Ili vifaa visiwe ghali, kila kitu kilibanwa kwenye namba ndogo: noti 0 hadi 127, nguvu ya kidole 0 hadi 127, pedali 0 hadi 127. Kwenye nguvu, sifuri imeshachukuliwa kwa maana ya "acha", kwa hiyo kinachobaki ni 1 hadi 127. Humo ndimo binadamu anatakiwa aenee: anayegusa kwa woga, anayebembeleza, na anayepiga huku amekumbuka deni.

Mpiga kinanda wetu hana habari na zile 126 za chini. Amejifunzia kanisani, katikati ya dramu na spika iliyochanika, ambako ukibonyeza kwa upole hakuna anayejua kama umefika ibadani. Kwa hiyo kila anachopiga ni 127. Shangwe, 127. Toba, 127. Pale ambapo kwaya nzima inaimba kwa kunong'ona, 127. Nguvu za noti huonekana kwa vijiti chini ya skrini, na vyake vyote vimegusa dari.

"Hapa," anasema Mwalimu, "kinanda kiingie kwa unyenyekevu."

Utaniambia nipunguze sauti. Mwalimu naye aliniambia. Lakini kupunguza sauti ni agizo jingine kabisa, lina namba yake, namba 7, na haligusi mkono wa mpigaji. Piano nzuri za kwenye kompyuta zimerekodiwa kwa tabaka: nyundo ikigusa waya taratibu, ikigusa kiasi, ikigonga. Nguvu ya noti ndiyo inayochagua tabaka lipi lilie. Ukiacha 127 ukapunguza sauti, unamsikia mtu yuleyule anayeponda kinanda, ila sasa anapondea nyumba ya pili. Ukiamua kuzishusha zote kwa mkupuo, tuseme utoe 50, zote zinakuwa 77, na usawa uleule umehamia ghorofa ya chini. Inabidi uingie noti moja moja. Mkono wa kushoto, 60. Noti inayobeba wimbo, 84. Hii ya katikati isijitokeze, 52. Inayofuata 55, kwa sababu zikifuatana 52 na 52, Mwalimu anasikia.

Ndiyo, anasikia. Hapo ndipo penye kero yenyewe. Angekuwa na masikio ya kawaida ningemdanganya mapema nikalala.

Anakaa nyuma yangu kwenye stuli, chupa ya chai miguuni. "Fundi, hapo kinanda kimewahi. Sogeza kidogo."

Wimbo unakwenda mapigo 96 kwa dakika. Pigo moja lina milisekunde 625. Programu yangu imelikata pigo hilo vipande 480, kwa hiyo kipande kimoja ni milisekunde 1.3.

"Kidogo ni vipande vingapi, Mwalimu?"

"Kidogo tu. Usizidishe."

Nikasogeza kumi. "Umezidisha." Nikarudisha sita. "Karibu." Nikaongeza viwili. "Umeshapita."

Kuna mbinu ambayo mafundi wa studio tunarithishana: mteja akikuchosha, shika kipanya, kunja uso wa kazi, usiguse kitu, halafu mchezeshee wimbo ulivyokuwa. Mteja husema hapo sawa, barabara, umeipata. Nilimfanyia Mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akajimiminia chai, akasema, "Hujasogeza."

Wenye ujuzi wa kompyuta wa kuokoteza huniuliza kwa nini nisitumie kitufe. Kitufe kipo. Kinaitwa kwantaizi, na kazi yake ni kuikamata kila noti na kuisukuma kwenye mstari wa gridi ulio karibu nayo. Kwa mtu mwenye usingizi ni kitufe kitamu sana. Shida ni kwamba gridi huja na mawazo yake. Fungua programu nyingi leo, kabla hujagusa chochote unakuta umeshapangiwa: mapigo 120 kwa dakika, manne kwa kila kipimo, na kila pigo limekatwa mara nne. Hakuna aliyekuuliza kwenu mnachezaje.

Wimbo wa Mwalimu una mwendo wa tatu-tatu. Kila pigo linagawanyika sehemu tatu sawa. Ni mwendo ambao mtu wa pwani anaujua kwenye chakacha, na ambao kwaya hii inaujua miguuni kabla ya kufungua daftari. Kwenye vipande 480, noti tatu hizo zinatakiwa zianze kwenye 0, 160 na 320. Sasa mpiga kinanda, ambaye alikuwa amekaa karibu na kompyuta kuliko inavyoruhusiwa, akaona anisaidie, akakibonyeza kile kitufe gridi ikiwa bado ya nne-nne. Noti ya 160 ikaona mstari wa karibu ni 120, ikarukia huko. Ya 320 ikaona wa karibu ni 360, nayo ikahama. Hatua tatu sawa zikawa fupi, ndefu, fupi. Sauti ya kwanza walikuwa wamesimama mlangoni wanayumba kulia na kushoto kwa kufuata spika. Wakasimama ghafla. Mmoja akatazama viatu vyake.

Niliirudisha, nikaiweka gridi iwe ya tatu-tatu. Noti zikakaa 0, 160, 320, hazikupungua kipande wala kuzidi. Na wimbo ukafa. Mwalimu hakusema hivyo, ni mtu wa dini. Alisema umetoka upako.

Ugonjwa huu si mgeni. Roger Linn, aliyetoa mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980, aliweka ndani yake njia ya kuyanyoosha mapigo na, kwenye sanduku hilohilo, njia ya kuyapinda. Kupinda huko huhesabiwa kwa asilimia: 50 umenyooka, 66 umeingia kwenye tatu-tatu, 75 unachechemea. Muziki mwingi wa Marekani uliochezwa dunia nzima umepata mwendo wake kwenye namba hizo. Kwenye sebene la mwisho, ambako kwaya inarudi kwenye nne-nne na akina mama wanaanza kutoa leso, nilimwekea Mwalimu 58.

"Hii ya disko," alisema.

Kuna na kitufe cha ubinadamu. Sitanii, programu nyingi zinacho. Ukishamaliza kunyoosha kila kitu, unakibonyeza ili noti zipotoke tena: hii mbele vipande vitatu, hii nyuma saba, kwa bahati nasibu. Nadhani waliokitengeneza wanaamini binadamu ni mtu anayetetemeka. Mpiga kinanda wetu hatetemeki. Anachelewa, na anachelewa palepale kila mara. Akihamisha mkono wa kushoto kutoka do kwenda fa, kidole kidogo kinatangulia na vingine vinafuata kwa muda wao. Kuchelewa huko ndiko kwaya inakoegemea. Miaka yote wamezoea kuvuta pumzi hapo. Ukikuondoa, wanaingia kwenye mstari unaofuata bila hewa, na kwenye kurekodi unasikia watu arobaini wanavuta pumzi kwa wizi.

Basi si nimwache alivyopiga? Haiwezekani, kwa sababu alipiga akiwa na mambo mengine. Kuna kuchelewa kwa ladha na kuna kuchelewa kwa kumtazama binti wa sauti ya pili, na kwenye skrini vyote viwili ni vipande 25 nyuma ya mstari. Ndiyo maana usiku wangu wote ni kuchambua mchele ambao mawe yake yana rangi ya mchele. Binti mwenyewe hana habari, na ananigharimu kuliko umeme.

Na kuchambua huko hakufanyiki kimya. Unachezesha sekunde tano zilezile, unagusa noti, unazichezesha tena. Mama jirani, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu, alikuja kunigongea. Nikajua ni kelele, nikaanza kuomba radhi kabla hajakaa sawa.

"Hapana baba, wala sijaja kugomba," akasema. "Nauliza tu. Huo wimbo hauna mbele?"

Kuhusu pedali nisingependa kusema mengi, nina shinikizo la damu. Agizo lake ni namba 64. Thamani yake ikiwa chini ya 64 imeachiwa, kuanzia 64 kwenda juu imekanyagwa. Mpiga kinanda wetu huikanyaga wimbo unapoanza na huiachia akisikia amina. Katikati hapo kila noti aliyoigusa inaendelea kulia juu ya zilizotangulia. Naifuta yote, nachora upya kwa mkono, kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kisha Mwalimu anaomba kiitikio kirudiwe mara moja zaidi, nakata, nabandika, na agizo moja la kuachia linabaki upande wa pili wa mkasi. Kuanzia hapo hadi agizo linalofuata la kuachia ni ukungu, na kosa lenyewe ni kinukta kisichofikia punje ya mtama, kimejificha kwenye safu ambayo skrini haiionyeshi mpaka uiombe.

Usiniulize pia kuhusu majina ya noti. Ile namba 60, C ya katikati ya kinanda, kampuni moja huiita C3, nyingine C4, na ipo programu inayopendwa sana hapa mjini inayoiita C5. Mimi na fundi mwenzangu wa Mwanza tulielewana vizuri kabisa kwenye simu kwamba besi ianzie C2. Ilipokuja ilikuwa imepaa, inaimba na wanawake.

Lakini niseme linaloniuma zaidi. Sauti ya kwanza walipata mafua. Mwalimu akanifuata kwa unyonge, akauliza kama kuna uwezekano wowote wa kuushusha wimbo, maana uko kwenye D na mabinti hawafiki. Nikauchagua wote, nikaitenga chaneli ya ngoma, kwa kuwa hiyo ukiishusha kila ngoma inafanya kazi ya mwenzake, nikatoa nusu-sauti mbili. Wimbo ukakaa kwenye C. Zilikuwa sekunde. Chumba kikalipuka kwa vigelegele. Mwalimu akanishika bega. Akaomba na mwendo upungue, kutoka 96 hadi 92. Nikafuta namba moja, nikaandika nyingine. Wakachangishana, wakaniletea soda baridi na sambusa, na mweka hazina, mama ambaye sijawahi kuona meno yake, akasema kumbe fundi huyu anajua.

Sikufanya kitu. MIDI ikiwa ni maagizo tu, kushusha wimbo mzima ni kutoa 2 kwenye kila namba, na mashine haipendi kazi nyingine duniani kuliko hiyo. Kubwa linakwisha kabla hujameza mate; dogo ndilo linakula usiku. Ule unyenyekevu wa kinanda kwenye ubeti wa pili ulinila mpaka muadhini wa msikiti wa jirani akaanza, na nilipouandika kwenye ankara, mweka hazina akaukata kwa hoja ambayo hadi leo sijapata jibu lake: "Wimbo mzima uliushusha tukiwa tumesimama hapahapa. Leo kinanda kimoja kimekukeshesha?"

Baadaye Mwalimu akaomba apewe faili la MIDI lenyewe wafanyie mazoezi nyumbani. Ni jepesi, wimbo mzima hauzidi uzito wa picha moja ya simu, nikamtumia. Yuko mpwa wake anayejua kompyuta. Mpwa alilifungua, akaona chaneli hazijapangwa kwa kupendeza, akazipanga, na katika kupendezesha huko sauti ya kwanza ikaangukia chaneli ya 10. Kwenye utaratibu wa General MIDI, uliopitishwa mwaka 1991, chaneli ya 10 ni ya ngoma, na kila noti humo ina chombo chake. Do ikawa bongo. Re, konga iliyozibwa kwa kiganja. Sol, agogo. La, kabasa. Ti, filimbi fupi. Na do ya juu, kilele cha wimbo, mahali ambapo nimeona wazee wa kanisa wakitoa leso, filimbi ndefu.

Mwalimu alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Fundi, umetuwekea mechi?"

Nikamwambia ashukuru. Orodha ya sauti 128 ya utaratibu huo inamalizikia na helikopta, makofi na mlio wa bunduki.

Siku ya uzinduzi wa albamu walitaka kinanda kipigwe palepale kanisani, kiunganishwe kwa kebo ya MIDI na moduli yangu ya sauti, wapate ogani ya kueleweka. Sasa kumbuka nilivyosema mwanzo kwamba kuna agizo la kubonyeza na agizo la kuacha. Likifika la kwanza na la pili lisifike, noti haijui kwamba kazi imekwisha. Piano ingefifia yenyewe. Ogani haififii. Wimbo wa utangulizi ulikuwa unafikia mwisho, mpiga kinanda yuko kwenye noti ya mwisho, shemasi akapita na kapu la sadaka, akaikwatua kebo kwa kiatu, ikachomoka. Agizo la kubonyeza lilikuwa limeshapita. La kuacha halikuwa na njia.

Mchungaji alikuwa ameshaanza sala. Noti inalia. Mpiga kinanda akanyanyua mikono yote miwili juu ili nimwone kwamba si yeye. Waumini wa viti vya mbele wakadhani anaabudu, nao wakanyanyua. Wa nyuma wakafuata. Mchungaji, aliyefumba macho, akasikia sauti iko juu yake, akaipandia, na sala ikaenda kwenye noti hiyo kwa muda ambao nilikuwa natambaa chini ya meza ya mitambo nikiwa na suti. Agizo la kunyamazisha noti zote lipo, namba 123, lakini nalo linapitia kebo ileile. Mwisho nikachomoa waya wa umeme wa moduli. Ukimya ulioingia pale, wanakwaya wameniambia, watu kadhaa waliutolea ushuhuda Jumapili iliyofuata.

Nilidhani kwaya ndio wagumu mpaka alipokuja mzee mmoja wa taarab, mpiga fidla kutoka Unguja. Alikuwa na wimbo uliohitaji ganuni na mpiga ganuni hakupatikana, akaambiwa kompyuta inaweza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii unayo?" Akaimba noti moja, akaishikilia, akaninyooshea kidole kwenye kinanda niitafute.

Nikabonyeza E. Akatikisa kichwa. Nikabonyeza iliyo chini yake. Akafumba macho kwa maumivu. Noti yake ilikuwa kati ya hizo mbili, ile ya tatu ya maqam Rast, na kati ya hizo mbili kinanda kina ufa tu wa kuingilia vumbi. Dawa yake ipo: kuna agizo la kupinda sauti, ambalo halikubanwa kwenye 127, lenyewe lina ngazi 16,384, katikati ni 8,192. Kwa kawaida hupinda nusu-sauti mbili kila upande, kwa hiyo robo ya sauti ni ngazi 2,048 kutoka katikati. Nikaiweka E kwenye 6,144. Ila kupinda huko hupinda chaneli nzima, kila noti inayolia humo inafuata. Ikabidi noti moja ya Mzee ipewe chaneli yake peke yake, katika chaneli 16, moja ikiwa tayari ni ya ngoma. Nilipanga, nikahamisha, nikachezesha. Mzee akasikiliza, uso ukaanza kulegea, nikaona mlango wa kulala unafunguka.

"Ahsante, mwanangu. Umeikaribia. Sasa iinue kidogo."

Ngazi 16,384, ndugu msomaji. Mwalimu wa kwaya pamoja na chupa yake ya chai hajawahi kunipeleka huko.

Na sasa nasikia wameongeza. MIDI 2.0 ilitangazwa mwaka 2020, na humo nguvu ya kidole haiishii tena 127. Ngazi zake ni 65,536. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wameshangilia, wananionyesha kwenye simu zao. Mimi nikapiga hesabu. Kila ngazi moja ya zamani imepasuliwa mara 512. Ule unyenyekevu wa ubeti wa pili, nilioutafuta usiku kucha nikauweka 52, una vyumba 512 ambavyo sijaingia hata kimoja. Nimewakalisha vijana chini, nikawapa amri moja tu kuhusu kifaa hicho kikiingia humu ndani: Mwalimu asiambiwe. Akiuliza, namba zinaishia 127, na za kwake zimekwisha.